Uzoefu wangu: miezi minne ya kujifunza kufuma Dodoma, kwa mkono wa kushoto

Nilinunua vifaa kwanza, mwalimu nikamtafuta baadaye. Naliweka kosa hilo juu kabisa ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo: kama una elfu hamsini ya kuanzia kufuma, elfu kumi inatosha kroshia moja (ile sindano fupi yenye ncha ya ndoano) na uzi. Inayobaki mpe mtu akukalishe chini na kukushika mkono.

Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma na ofisi kutoka Dar es Salaam. Watu wa Dar tunaijua Dodoma kwa jua, vumbi na zabibu. Hakuna anayekuonya kuhusu Juni na Julai, upepo unavyokukuta asubuhi pale Mtumba, kwenye ofisi za serikali, umesimama nje unasubiri mlango wa ofisi ufunguliwe. Mwaka wa kwanza nilijisitiri kwa masweta ya mitumba (ndiyo, mitumba ya Mtumba, utani huo tumeshauchoka ofisini). Mwaka uliofuata nikasema nitajifumia mwenyewe.

Kuna kitu lazima nikieleze kabla ya yote, maana kinaathiri kila ninachokisifia na kukilaumu hapa. Natumia mkono wa kushoto. Darasa la tano, kipindi cha Stadi za Kazi, tuliambiwa tuje na kroshia na uzi. Wenzangu wengi walikuja na spoku za baiskeli zilizokunjwa ncha kwa koleo, na zilifanya kazi vizuri tu. Mimi nilikuwa na kroshia halisi ya bibi yangu, ila kila nilipoishika mwalimu aliichomoa na kuihamishia kulia, mara ya tatu kwa rula. Kitambaa nilichokusanya mwisho wa muhula alikifuma mama. Nikakua nikiamini kufuma si kazi ya mashoto.

Sasa seti. Niliiona mtandaoni, muuzaji yuko Dar, elfu thelathini na tano pamoja na kuitumia kwa basi. Picha ilikuwa inavutia: kroshia kumi na nne zenye mishikio ya rangi, sindano ndefu mbili, mkasi mdogo, vibanio vya kuwekea alama, mabonge sita ya uzi, vyote kwenye mkoba wa zipu. Kilichofika kilifanana na picha, siwezi kusema nimetapeliwa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake haina kazi kwa anayeanza. Kati ya kroshia zile kumi na nne nimetumia mbili tu, ya milimita 4 na ya milimita 5. Nyembamba zile ni za nyuzi za pamba za kufumia vitambaa vya makochi, na ukianzia huko utalia. Mshikio wa ile ya 5 ulichomoka wiki ya pili, nikaubandika kwa gundi. Mabonge ya uzi yalikuwa madogo mno, kila moja linaishia katikati ya kazi, halafu uzi wenyewe umesokotwa ovyo: ukichoma kroshia unashika nusu ya nyuzi, nusu inabaki nyuma. Kwa fundi hilo ni usumbufu. Kwa anayeanza ni balaa, kwa sababu hajui kama kosa ni la uzi au la mkono wake. Mimi, kwa historia yangu, niliulaumu mkono.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina. Nikahamia kwenye video.

Video zina faida yake, hasa ukijua mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. La kwanza ni kwamba Wamarekani na Waingereza hawaiti mishono kwa majina sawa. Kile Mmarekani anachokiita singo, Mwingereza anakiita dabo. Na dabo ya Mmarekani, kwa Mwingereza ni trebo. Nilijifunza mishono kwa dada mmoja wa Marekani, kisha nikachukua maelekezo ya kofia yaliyoandikwa Uingereza. Palipoandikwa dabo nikafuma dabo niliyoijua mimi, ndefu kuliko iliyotakiwa, mstari baada ya mstari. Kofia ya mtoto wa mwaka mmoja ikatoka ndefu kama soksi ya mchezaji mpira. Siku hizi nikifungua maelekezo yoyote natafuta kwanza yametoka upande gani.

La pili ni la mashoto wenzangu. Geuza video kama kwenye kioo. Zipo programu za simu zinazogeuza picha kushoto kuwa kulia, na ghafla yule dada wa Marekani anakuwa shoto kama wewe. Usipoweza, weka simu mbele ya kioo cha kabati utazame kioo. Nilifanya hivyo mwezi mzima, nimekaa kitandani nimeipa simu mgongo. Mume wangu hakuuliza kitu.

Pamoja na yote hayo, kipande changu kilikuwa kinapungua. Unaanza na vitanzi ishirini, mstari wa kumi una kumi na nne, kitambaa kimekuwa pembetatu. Video haiwezi kukuambia ni wapi unaviangusha.

Fundi nilimpata kwa njia ya masweta ya shule. Anafuma kwa mashine barazani kwake, si mbali na Soko la Majengo, na Jumamosi saa nane mpaka saa kumi anafundisha kufuma kwa mkono. Elfu arobaini kwa Jumamosi nane, uzi unakuja nao. Ni mama wa makamo, Mgogo, anapokea wageni kwa "mbukwenyi" na ukijibu vibaya anakufundisha hilo kwanza. Nikamsalimia, nikamwonyesha pembetatu yangu, nikajitetea kabla sijaulizwa.

"Mama, mimi ni shoto."

"Kwani kushoto si mkono, mwanangu?"

Akavuta kigoda, hakukaa pembeni yangu kama alivyokaa na wengine. Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana, akaniambia nifanye anachofanya kana kwamba namtazama mtu kwenye maji. Mkono wake wa kulia ukawa sawa na wangu wa kushoto. Ndiyo dawa yenyewe, yote. Nikakumbuka ile rula.

Baada ya mistari mitatu akaniona ninapokosea. Nilikuwa naruka kitanzi cha mwisho cha kila mstari, kile kinachojificha ukingoni kwa sababu kimevutwa na kugeuka. Akanipa pini ya nguo niifunge kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mstari, nikirudi nijue safari inaishia wapi, na akanilazimisha nihesabu kwa sauti. Wenzangu walicheka Jumamosi moja, ya pili wote wakawa wanahesabu.

Ana majina yake mwenyewe. Mnyororo, ile safu ya vitanzi vya kuanzia, ni mnyororo, ile singo ya Wamarekani anaiita nguzo fupi, dabo yao ni nguzo ndefu, na nimeyapenda kuliko ya kwenye video kwa sababu ukitazama kitambaa kweli unaona nguzo. Neno lake kubwa lakini ni fumua. Ukifanya kosa mistari mitano nyuma, ukamwonyesha ukitumaini atasema halionekani, anakutazama tu na kusema fumua. Mwezi wa kwanza nilimchukia kidogo. Kitu kizuri cha kroshia ni kwamba ukimaliza kila mshono kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kwa hiyo unafumua mpaka ulipokosea, unakichukua hicho kimoja, unaendelea. Hakuna kinachoporomoka.

Sindano mbili ni habari nyingine. Huko vitanzi vyote vya mstari vimekaa wazi kwenye sindano, arobaini, hamsini, na kimoja kikichoropoka kinashuka chini kama ngazi. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Fundi akachukua kroshia, akakipandisha ngazi kwa ngazi hadi juu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kushtuka. Ndiyo maana anaanza kila mwanafunzi na kroshia Jumamosi nne, sindano mbili baadaye, na naungana naye. Ila nilichogundua ni kwamba kwenye sindano mbili ushoto wangu haukuwa na maana kabisa. Mikono yote miwili inafanya kazi, nimefuma kama wengine wote, kutoka upande uleule. Kwenye kroshia mimi natoka kushoto kwenda kulia, na nikifuma mviringo wa kofia nazunguka kama mshale wa saa, wenzangu wanazunguka kinyume. Ukikuta mchoro wa maelekezo, usome kama umeugeuza.

Kuhusu uzi. Madukani hapa mjini utapata zaidi uzi laini wa akriliki. Bonge la gramu 100 nimekuwa nikinunua kati ya elfu nne na elfu sita, inategemea duka na inategemea umefika na sura gani. Akriliki haichuji sana, inafuliwa kirahisi, lakini isiiguse pasi: inalala na kung'aa, hairudi tena. Na kwa joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma, usimvishe mtu, hainyonyi jasho. Kwa nguo ya miezi hiyo tafuta pamba, ambayo ni ghali na rangi ni chache. Tazama pia kile kikaratasi kinachozunguka bonge. Kina namba ya rangi na namba nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi siku moja. Nilinunua mabonge matatu ya bluu, nikarudi kuongeza mawili baada ya mwezi, rangi namba ileile, mkupuo tofauti. Dukani yalilingana. Juani, shali langu lina mstari mgongoni kama bahari ya kina na ya ufukweni. Nunua yote siku moja.

Kila mtu atakuambia uanze na uzi wa rangi ya mwanga ili uone vitanzi, na ni kweli, mweusi usiku umeme ukikatika ni sawa na kufuma kwa macho yaliyofumbwa. Ila hao hawakai Nkuhungu, mtaani kwangu. Nilianza na mweupe, wiki mbili ukawa rangi ya vumbi la uani kwangu. Chukua bluu ya mbingu au rangi ya krimu, na kazi ikae ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba, si juu ya kochi.

Ukirithi sindano za zamani, angalia namba. Zile za kipimo cha kale cha Kiingereza zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Ya Kimarekani iliyoandikwa 8 ni milimita 5. Kabla ya kuanza kitu cha kuvaliwa, fuma kipande cha mraba, upime vitanzi vingapi vimeingia ndani ya sentimita 10, ulinganishe na maelekezo. Inachosha na nilikuwa naruka hatua hiyo. Kofia ya soksi ilinifundisha.

Kasoro za darasa, maana zipo. Halianzi saa nane. Linaanza fundi akimaliza aliyekuwa naye kwenye mashine, na mashine ile ikipita huku na huku husikii kitu. Viti havitoshi, wa mwisho anakalia ndoo. Hafundishi kabisa kusoma maelekezo ya maandishi. Yeye anaangalia sweta, analigeuza ndani nje, analifuma. Ukitaka kusoma vifupisho na michoro itabidi ujifunze mwenyewe, mimi ndivyo nilivyofanya. Na usijiunge Desemba au Januari. Shule zinafunguliwa, oda za masweta zinamjaa hadi mlangoni, Jumamosi mbili nilizokuta msimu huo tuliishia kumsaidia kushona vifungo. Bure, bila shaka.

Hata hivyo naitoa ile elfu arobaini kwa moyo mweupe kuliko ile thelathini na tano ya seti. Katika miezi minne nimetoa kofia mbili (bila ile ndefu), shali lenye ufukwe, vitambaa vya meza sita ambavyo wifi yangu alivichukua bila kuomba, na sweta la binti yangu ambalo limebaki kola. Vidole viliniuma mwezi wa kwanza kwa sababu nilikaza uzi kana kwamba utakimbia; fundi alinipa kroshia nene zaidi kwa ajili ya mnyororo wa mwanzo tu, nikapona.

Nimelipia Jumamosi nane nyingine. Tunaanza soksi, sindano tano zilizochongoka pande zote mbili, na tumeambiwa kila mmoja aje na plasta.