Mashine ya kuchomelea bodi ya gari nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Toa kadi ya benki, ishike kwa ukingo uitazame. Unene wake ni milimita 0.76, na bati la mlango au madigadi ya gari dogo liko hapohapo, kati ya 0.6 na 1. Sasa fikiria unataka kuyeyusha ukingo wa kadi hiyo uuunganishe na wa kadi nyingine, bila kuitoboa wala kuikunja. Kazi yote ya bodi ndiyo hiyo, na mashine nyingi zinazouzwa hushindwa hapo, hata zile za bei mbaya.

Kwa hiyo ukiingia dukani usibabaishwe na namba kubwa iliyobandikwa ubavuni. Muuzaji atakwambia hii inafika ampea 200, ile 250, inachomelea hadi geti. Sawa, lakini wewe huchomelei geti. Mwulize inashuka hadi ngapi. Mafundi hukadiria ampea kama 40 kwa kila milimita ya chuma, maana yake bati la 0.8 linataka 30 na kitu tu. Mashine inayoanzia 50 au 60 haikufai kwa bodi hata ukipewa bure.

Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya vijiti, niliyoinunua kwa kuwa nilisikia ina nguvu. Nikaanza na tundu la kutu kwenye kizingiti cha mlango, dogo kama sarafu. Kila nilipogusa, ukingo ulidondoka. Kufikia jioni tundu lilikuwa linapitisha ngumi.

Kabla ya kuchagua mashine, chukua sumaku uizungushe kwenye gari lako. Isiponasa, huenda bati ni alumini, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Audi A8 ya 1994 ilitoka na bodi ya alumini, na Ford F-150 ikafuata kuanzia modeli ya 2015. Mabati mengi ya nje ya Land Rover za zamani ni alumini pia. Sumaku huonyesha na ujanja wa watu: ikinasa boneti nzima ila sehemu moja, hapo chini kuna puti nene, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya rangi.

Namba 1: MIG ya inveta, yenye gesi

Kwa mtu wa nyumbani hii haina mpinzani. MIG ni mashine inayolisha waya yenyewe, na inveta ni ile inayopanga umeme kwa elektroniki badala ya transfoma kubwa. Ukibana kitufe waya unatoka wenyewe, mwako unashika, gesi inaufunika; ukiachia, vyote vinakoma papo hapo. Mkono mmoja unabaki huru kushika kiraka. Unaweza kuchoma kwa nusu sekunde, ukangoja, ukachoma tena, na kwa bati jembamba kungoja huko ndiko kunakoliokoa.

Tafuta inayoshuka hadi ampea 30 au chini yake na inayofika 140 hadi 180 kwa juu. Zaidi ya hapo unalipia nguvu utakayoitumia mara moja kwa mwaka. Kisha mwombe muuzaji afungue kifuniko cha pembeni. Ndani utaona gurudumu dogo la kusukuma waya. Liangalie: lina mfereji wa 0.6? Mashine nyingi huja na gurudumu la 0.8 na 1.0 pekee, na wewe unataka waya wa 0.6 kwa sababu waya mwembamba huyeyuka kwa ampea chache. Ncha ya shaba mbele ya bunduki, ile unayoishika kuchomea, nayo iwe ya 0.6, na waya wenyewe uwe wa chuma ulioandikwa ER70S-6. Ukiweka waya wa 0.6 kwenye mfereji wa 0.8, utateleza; utatoka kwa kwikwi na utadhani mashine ni mbovu.

Ukiwa bado umeinama hapo, pima kama kuna nafasi ya spuli ya waya ya kilo 5. Mashine inayokubali vispuli vya kilo 1 tu ni rahisi siku ya kununua, halafu inakukamua kwenye waya kila mwezi. Angalia pia bunduki inavyoungwa. Yenye kichwa cha Euro unaifungua kwa mkono na kuweka nyingine. Ile ambayo mpira wake umezama moja kwa moja ndani ya mashine, ikiziba au kukatika, itabidi ufungue boksi zima.

Kuhusu vitufe, chagua kirungu cha volti kinachozunguka taratibu. Mashine kuukuu za transfoma zina swichi mbili zinazotoa ngazi nne au sita tu. Ngazi hii baridi, inayofuata inatoboa, na katikati hakuna kitu. Ile asilimia inayoandikwa kwenye kibao, kwa mfano 20% kwenye ampea 160, maana yake ndani ya dakika 10 unachoma 2 na kupumzisha 8. Wauza mashine hupenda kuitumia kukupandisha bei. Kwa kazi ya nukta nukta kwenye ampea 40 haitakusumbua.

Gesi ndiyo gharama ambayo watu huisahau. Uliza mtungi utajazwa wapi kabla hujalipia mashine. Unayotaka ni mchanganyiko wa argoni, kama asilimia 80, na kaboni dayoksaidi asilimia 20. Kaboni dayoksaidi peke yake inafanya kazi na ni nafuu, lakini mwako wake ni mkali, unazama zaidi, na cheche zinatapakaa. Kwenye bati la kadi ya benki ni kujitafutia kazi. Argoni tupu nayo iachie TIG, mashine ya namba 2 hapa chini. Weka regyuleta kwenye lita 8 hadi 12 kwa dakika, na ufunge mlango, maana upepo kidogo tu unaipeperusha gesi na mshono unajaa vitundu kama sifongo.

Sasa jinsi ya kuitumia. Usivute mstari. Hata aliyezoea havuti mstari kwenye bati la mlango. Safisha kingo zote mbili hadi chuma king'ae, mbele na nyuma, acha nafasi ndogo kati ya kiraka na bati, kiasi cha unene wa bati lenyewe, kisha piga nukta moja. Ruka sentimita 2 au 3, piga nyingine. Zunguka kiraka chote, urudi kupiga katikati ya nukta na nukta. Usipige karibu na pale ulipotoka kupiga. Kabla ya kurudi mahali, sogeza mgongo wa mkono karibu na bati, na ukihisi joto, ondoka. Bati likipata moto mahali pamoja linatanuka, likipoa linajivuta, na ubavu wa gari unabaki na mawimbi ambayo hata puti haiyafichi.

Kipande cha shaba nyekundu nyuma ya kiungo ni rafiki mkubwa. Bomba kuukuu la maji lililopondwa bapa linatosha. Chuma hakishiki kwenye shaba, na shaba inanyonya joto, hivyo hata nafasi ikiwa pana kidogo nukta haidondoki. Masikio nayo yanafundisha: mpangilio mzuri unasikika kama mafuta ya moto yanayochacharika sawasawa. Ikipasuka tuputupu waya unakwenda kasi mno kwa volti hizo. Ikitoa mluzi na matone makubwa, waya unachelewa.

Namba 2: TIG

TIG huchoma kwa ncha ya tungsteni isiyoyeyuka, na waya unaulisha wewe kwa mkono. Mshono wake ni mzuri kuliko wa mashine yoyote kwenye orodha hii, na ni laini kiasi cha kupigwa nyundo ukalala sawa na bati. Wa MIG ni mgumu, unahitaji kusagwa. TIG pia inashuka sana, nyingine hadi ampea 5 au 10. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu inataka mikono miwili, mmoja wa tochi na mwingine wa waya, mara nyingi na mguu kwenye pedali, na wewe umelala chini ya gari. Inataka chuma kisafi kama sahani, na gari lenye kutu halina chuma cha namna hiyo. Isitoshe ni ya polepole, na kwa mwanafunzi upole huo ni joto linalosambaa.

Nunua ukishaijua MIG, na kama unapenda kazi ya mikono kwa yenyewe. Kwa chuma, ya DC (umeme wa mkondo mmoja) inatosha. Kama sumaku ilikataa kunasa, ni lazima iwe ya AC/DC, inayotoa pia umeme wa kupishana, na bei yake inaruka.

Namba 3: MIG isiyo na gesi

Waya wake una unga ndani unaotengeneza gesi yake yenyewe, kwa hiyo hakuna mtungi, na unaweza kufanya kazi uani penye upepo. Shida ni kwamba waya wa namna hii kwa kawaida huanzia 0.8, unaunguza zaidi, unatoa moshi mwingi na kuacha ganda la kugongagonga. Kwa chesisi na mabati mazito ya chini ni sawa. Kwa mlango, utalia.

Kama pesa ni ya mawazo, nunua mashine ya namba 1 inayokubali njia zote mbili, uanze bila gesi, mtungi utakuja baadaye. Ila hakikisha inaruhusu kugeuza nyaya: waya wa unga usiotumia gesi unataka bunduki iwe hasi, waya wa kawaida wenye gesi unataka iwe chanya. Wengi husahau kugeuza, kisha wanailaumu mashine kwa kutema.

Namba 4: Mashine ya nukta ya kubana

Ni koleo kubwa lenye ncha mbili za shaba; linabana mabati mawili, umeme unapita, yanashikana. Kiwandani ndivyo bodi nyingi za chuma zinavyounganishwa. Nyumbani tatizo ni kufika pande zote mbili za bati. Ukiwa na MIG unaweza kuiga: toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu, libane juu ya la chini, ujaze tundu hilo kuanzia katikati.

Namba 5: Gesi ya oksijeni na asetilini

Wazee walitengeneza magari mazuri sana kwa mwali huu, na mimi nawavulia kofia. Lakini joto lake linasambaa eneo pana, linakunja bati, na mitungi yake si kitu cha kuweka karibu na chumba cha kulala. Kama hukufundishwa na mtu, achana nayo.

Namba 6: Ya vijiti

Kisa changu umekisoma. Hata kijiti chembamba cha 1.6 kinatoboa bati la bodi. Iache kwa mageti.

Nje ya orodha ipo gundi ya bodi, ile ya mirija miwili inayochanganyika. Kwa ngozi ya nje ya mlango au paa inashika vizuri na haikunji kitu, lakini isitumike mahali panapobeba uzito wa gari, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameandika kwamba inaruhusiwa. Na hapohapo kwenye kubeba uzito: nguzo za katikati na fremu za magari ya kisasa mara nyingi ni chuma kigumu cha boroni, ambacho kikipata joto la kuchomelea kinapoteza nguvu yake. Hizo mpelekee fundi mwenye kitabu cha gari hilo.

Tenga sehemu ya pesa kwa vitu vingine. Kofia inayojifanya nyeusi yenyewe, kivuli namba 9 hadi 13, ndiyo ya kwanza. Bila hiyo macho yanaanza kuuma kama yametiwa mchanga saa kadhaa baadaye, usiku, na hapo hakuna mashine iliyokuwa nafuu. Barakoa ya moshi ni lazima kwa sababu mabati mengi yana zinki, na moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka jioni yake. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini, kwani ikikutana na mwako hutoa fosijeni, gesi ya sumu inayoua. Ongeza grinda yenye diski ya msasa, kizima moto, na ndoo ya maji.

Kabla ya nukta ya kwanza, toa nyaya za betri na usubiri dakika kadhaa ili mifuko ya hewa ipoteze chaji. Funga kibano cha ethi kwenye chuma kisafi, shubiri moja kutoka unapochoma, umeme usitafute njia kupitia beringi na kompyuta ya gari. Tangi la mafuta na mipira yake vitoe kabisa. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke. Vua zulia na sponji za ndani, kwa kuwa moto huanzia upande usiouona.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kipande cha bati la gari chakavu, cha 0.8, ukiwa umekisugua tayari. Mwombe mwenye mashine aiweke chini kabisa, upige nukta tano katikati ya bati, kila moja sekunde moja. Kisha ligeuze. Ukiona duara la bluu lenye kipele kidogo cha chuma kilichopenya, zungumzeni bei. Ukiona mwanga wa upande wa pili kupitia tundu, mshukuru, ukaendelee kutafuta.