Harbin wakati wa barafu: ingia kabla jua halijazama

Ukipanga kwenda Harbin, kaskazini mashariki mwa China, amua kwanza utaingia Ice-Snow World, bustani ya majengo ya barafu, saa ngapi. Januari jua huzama huko mnamo saa kumi jioni. Mimi niliingia saa nane mchana, na sioni saa nyingine inayofaa zaidi.

Wakati wa mchana unaweza kuisogelea barafu yenyewe. Kuta ni mapande yaliyokatwa kwenye Mto Songhua ulioganda, mazito na maangavu hata unaona mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani. Hakuna saruji: mafundi humwaga maji kwenye maungio, yakaganda, basi. Nilipitisha glavu kwenye ukuta mmoja nikahisi alama za msumeno. Giza likiingia, taa zilizofichwa ndani ya mapande huwaka, na mnara uleule uliokuwa na rangi ya maji unageuka mwekundu, kisha zambarau. Anayekuja usiku tu huziona taa, lakini kazi ya mikono inampita.

Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida, na usiku huzidi hapo. Vaa tabaka kadhaa, nguo ya kugusa mwili isiwe ya pamba, maana pamba hushika jasho. Viatu viwe na nafasi. Vikibana, damu haifiki vidoleni. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani betri huzima ghafla hata ikiwa na chaji. Mteremko mkubwa wa kuteleza unapendwa mno na foleni yake ni ndefu. Kusimama tuli ndiko kunakoumiza, kwa hiyo panga foleni ukiwa umetoka kupata kitu cha moto.

Sanamu za theluji za Sun Island, kisiwa cha Mto Songhua, zitengee asubuhi, jua likiwa chini na vivuli vinaonyesha kila mkato. Zhaolin Park, yalikoanzia maonyesho ya taa za barafu mwaka 1963, ni ndogo na inatosha jioni moja pamoja na kanisa la Mtakatifu Sofia.

Tamasha la barafu na theluji la Harbin hufunguliwa rasmi tarehe 5 Januari. Ningechagua siku zinazofuata hapo, mbali na Mwaka Mpya wa Kichina, tiketi za treni zinapogombaniwa. Ukichelewa hadi katikati ya Februari, jua huanza kula ncha za sanamu.

Nyota tano, bila kusita.