Isuzu D-Max 3.0 na trela ya farasi wawili: maoni ya saisi aliyevuta na karibu kila kitu

Nyota nne na nusu kwa tano. Nusu nimeikata kwa sababu ya springi za nyuma, tutafika huko.

Mimi ni saisi na pia ndio dereva wa banda moja la farasi huku Karen, Nairobi. Kazi yangu ni kuwaosha, kuwalisha, na weekendi kuwapeleka wanapotakiwa, mara Jamhuri, mara Ngong Racecourse, mara Gilgil kwa polo, na mara moja moja Timau ambako ukifika hata wewe umechoka kuliko farasi. Kwa hiyo gari la kuvuta trela ya farasi sijasoma kwa brosha, nimelishikia usukani, na magari ya watu tofauti tofauti kwa sababu kila mwenye farasi anakuja na gari lake na kusema hili litavuta tu bana, lina four-wheel.

Haya, hesabu kwanza, na hii ndio watu hawafanyi. Trela yetu ni Ifor Williams ya farasi wawili, ile yenye ekseli mbili, ikiwa tupu ina kilo 900 na kitu. Farasi wa kawaida wa mbio au wa kuruka ni kilo 500 hivi, wakiwa wawili ni tani moja. Ongeza matandiko, nyavu za nyasi, mitungi ya maji, na ile sanduku ya madam, bosi wangu, ambayo sijawahi kujua ina nini, uko tani 2 na zaidi kidogo. Sasa tani 2 ya mawe na tani 2 ya farasi si kitu kimoja. Mawe yanatulia. Farasi amesimama wima, uzito wake uko juu, anahamisha mguu, anamgombeza mwenzake, na wewe unasikia mpaka kwenye usukani.

Ndio maana nikiulizwa gari gani nauliza kwanza gari lenyewe lina kilo ngapi. Uingereza, wanaovuta karavani wana kipimo chao kwamba trela ikijaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalovuta, hasa kama dereva ni mgeni wa kuvuta. Kwa farasi wawili na gari zetu hizi huwezi kufikia hapo kirahisi, lakini kaa nayo kichwani, inakwambia gari jepesi lenye injini kali bado ni gari jepesi. Trela ikiamua kuyumba ndio inaliendesha gari.

Forester nisiongee sana. Kuna jamaa alikuja nayo anataka kubeba farasi wawili hadi Naivasha, nikamwambia mkubwa hii gari yenyewe ni tani moja na nusu, unataka ivute kitu kizito kuliko yenyewe iteremke nacho ule mteremko wa Mai Mahiu? Alinuna. Farasi walibaki.

Prado. Hapa nina hadithi na kosa ni langu, si la gari. Ilikuwa ile ya petroli, 2.7, otomatiki, gari safi kweli, ndani kama sebule. Kupanda kutoka Kikuyu kwenda Limuru ilikuwa inalia tu, gia inashuka inapanda inashuka, kwa sababu petroli ile inatoa Nm 246 tu, Nm ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuvuta, na inazipata ikiwa imezunguka juu sana. Sawa, tukafika Rironi, tukakata kushoto barabara ya chini, ya kuteremka Mai Mahiu. Nikaiacha kwenye D, gari lijichagulie gia lenyewe. Lori mbele yangu, lori nyuma yangu, mguu kwenye breki kidogo kidogo njia nzima, nikidhani naenda polepole kwa usalama. Kumbe breki za trela kama ile ni za kusukumwa, yaani gari likipunguza mwendo trela inasukuma mbele na huo msukumo ndio unabana breki zake, sasa wewe ukishikilia mguu mteremko mzima zile breki za trela nazo zinabana mteremko mzima, hazipumziki. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Tukasimama karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano, lile walilojenga mateka wa vita wakati wanatengeneza hiyo barabara, na rimu za trela huwezi kuweka mkono. Kijana niliyekuwa naye akanitazama akasema, mzee, tumwage maji? Nikamwambia usithubutu, chuma cha moto hivyo ukikimwagia maji baridi kinapasuka au kinapinda. Tukakaa dakika arobaini na tano farasi wakila nyasi, sisi tukila mahindi ya kuchoma, tukingoja zipoe zenyewe.

Prado ya dizeli ni gari lingine kabisa na ningeipa nyota nne. Ekseli ya nyuma iko karibu na pale trela inaposhikwa, na hicho ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Ule mkia wa gari unaobaki nyuma ya magurudumu ukiwa mrefu, trela inapata fimbo ya kulichapia gari huku na huku. Prado mkia wake mfupi, springi zake za nyuma ni za koili, farasi wanafika wametulia. Tatizo ni bei, na tatizo la pili ni kwamba mwenye Prado hapendi nywele za farasi na samadi kwenye kapeti.

Land Cruiser pick-up, ile 79 ya injini 1HZ ya 4.2. Najua nikiisema vibaya nitatukanwa na nusu ya Kenya. Haifi, hiyo nakubali, na ni nzito, na urefu kati ya magurudumu ya mbele na nyuma ni mita 3.18 kwa hiyo inanyooka barabarani kama reli. Lakini haina tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini. Na sisi hatuishi Mombasa. Injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hewa ni nyepesi. Ile injini ina nguvu za farasi karibu 130, ukifika Limuru mita 2,200 hivi, farasi karibu 30 wameshakimbia, umebaki na hao wengine kuvuta hawa wawili wa kweli. Unapanda kwa gia ya pili huku matatu zinakupigia honi.

Na springi zake. Siku moja, ndani ya shamba tu, si barabarani, nilimwambia mwenzangu avute trela tupu mimi nikiwa ndani nimesimama pale farasi anaposimama. Usifanye hivi barabarani, ni hatari na hairuhusiwi. Mara ya kwanza alivuta na Land Cruiser, mara ya pili na Prado ya dizeli, njia ile ile ya mawe hadi getini. Na Land Cruiser nilikuwa nimeshika chuma cha kifuani kwa mikono miwili, kila shimo lilikuja mara mbili, moja la trela na lingine la gari kurusha pua ya trela juu. Alipokata kona nilijikuta nimefungua miguu kama mtu yuko kwenye mashua. Tangu siku hiyo nikikata kona nahesabu moja mbili tatu kabla sijakanyaga mafuta tena, kwa sababu najua aliye nyuma bado anatafuta miguu yake. Nawaomba masaisi wote wanaoendesha wafanye hivyo mara moja maishani.

Defender 110 ya zamani, 300Tdi: inavuta, vitabu vinasema tani 3.5, ina moyo, lakini ina kelele, inavuja, na milima yetu inataka uvumilivu ambao mimi sina. Tuendelee.

Sasa Hilux na D-Max, na hapa ndio ubishi wa kweli. Hilux ya 2.4 dizeli ina Nm 400, D-Max 3.0 ya sasa ina Nm 450, na kwa baadhi ya masoko zote zimeandikwa zinaweza kuvuta hadi tani 3.5 ya trela yenye breki. Usidanganyike na hiyo 3.5 lakini, hiyo ni gari lenyewe likiwa halijabeba, ukijaza watu watano na mizigo kwenye kitanda kuna uzito wa jumla wa gari pamoja na trela ambao pia umeandikwa, fungua kitabu cha gari lako lenyewe usisome cha jirani. Mimi nilichukua D-Max, yaani nilimshauri madam akachukua, kwa sababu tatu ambazo si za karatasi. Moja, injini ya lita 3 inavuta kutoka chini, huhitaji kuikimbiza, na tabo inaifanya isijue kama iko Limuru ama iko Athi River. Mbili, tulichukua ya gia za mkono, kwa hiyo nikianza kuteremka Mai Mahiu naweka gia ya tatu nikiwa bado juu, kabla hata mteremko haujaanza, injini yenyewe inashikilia mzigo, na breki nazigusa kwa nguvu kidogo kisha naachia kabisa zipumue. Tangu hapo sijasikia ile harufu. Tatu, hizi D-Max zinaunganishwa hapa hapa Nairobi, spea ziko kila mahali, hata Nanyuki jumapili utapata chujio la dizeli.

Kuhusu mafuta, ikivuta farasi wawili napata kama kilomita 8 kwa lita, ikiwa peke yake inafika 12. Sijalalamika.

Ile nusu nyota sasa. Ni pick-up, springi za nyuma ni za bapa na zimetengenezwa kwa mzigo, kwa hiyo trela ikiwa na farasi wawili iko sawa, ikiwa tupu gari linaruka ruka kama mbuzi. Na mkia wake ni mrefu kuliko wa Prado. Siku moja narudi na farasi mmoja, upepo wa pembeni pale kati ya Gilgil na Naivasha, lori likanipita, trela ikaanza kucheza. Usikanyage breki. Usikanyage mafuta pia. Nilitoa mguu taratibu, nikashika usukani bila kubishana nayo, ikatulia yenyewe. Nilipochunguza baadaye kumbe kijana alipakia mitungi yote ya maji nyuma kwenye rampu, pua ya trela ikawa nyepesi. Uzito unaokalia ile boli ya gari inayoshika pua ya trela unatakiwa kuwa kama asilimia 5 hadi 7 ya trela iliyojaa, kwa yetu ni kilo 100 hadi 140, na usipite kile gari na trela vimeandikiwa. Na ukibeba farasi mmoja muweke kulia, upande wa dereva, kwa sababu barabara zetu zimeinamia kushoto. Wakiwa wawili, mzito ndio akae kulia.

Mafundi huku wanaiita toba, ile chuma ya kushikia trela, na jina limekaa kweli kwa sababu ukiweka mbovu utatubu. Ya kwanza kwenye D-Max tuliwekewa na gereji moja, sitaitaja, wakaichomelea kwenye bampa. Kwenye bampa! Niliiona siku ya kwanza nikainama chini nikauliza, bosi, hii imeshika chesisi wapi? Akaniambia, hiyo ni ngumu, hata lori inavuta. Tulilipia ya pili kwingine, ya bolti, imeshika chesisi pande zote mbili, ina namba ya uzito imepigwa kwenye chuma. Kama yako haina hiyo namba, uliza kabla hujafunga farasi nyuma. Angalia na soketi ya taa, kuna ya pini 7 na ya pini 13, tulifika siku ya safari tukakuta gari na trela haziongei, taa za breki hakuna, tukapoteza asubuhi nzima kutafuta adapta.

Madam sasa anataka kuongeza bulbar na taa za juu. Nimemwambia hiyo pesa kwanza ninunulie vioo virefu vya pembeni, kwa sababu trela ni pana kuliko gari na nikirudi nyuma pale geti la Jamhuri siku ya shoo, watu wamesimama na soda zao wananitazama, naona ukuta wa trela tu na mkia wa farasi. Akaniuliza vioo ni shilingi ngapi. Nangoja.