Shahada ya piano, kinanda na muziki mtakatifu: tathmini ya mhitimu

Ukiniuliza kama inafaa kusomea piano, kinanda na muziki mtakatifu chuo kikuu, nitakwambia soma. Ila kabla hujalipa ada, uliza jambo moja: mwanafunzi anakaa saa ngapi kwa wiki kwenye kinanda chenyewe cha mabomba, na ufunguo wa chumba hicho anao nani? Idara niliyosoma siitaji jina. Imenipa mengi na sina nia ya kuichongea. Nataka tu anayekuja nyuma yangu ajue anachoingia.

Wengi wetu tulifika tukiwa wapiga piano, tukidhani kinanda ni piano yenye nyongeza miguuni. Dhana hiyo huvunjika mapema. Piano ni nyundo inayogonga waya. Sauti ikishazaliwa inaanza kufifia, na nguvu ya mkono ndiyo inayoamua ukubwa wake. Bomba la kinanda linapewa hewa muda wote kibonye kikiwa chini. Ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile, na haifi mpaka uachie. Ndiyo maana mwalimu wetu alianza kwa kutufundisha kuachia. Nota inaisha wapi? Inapishana na inayofuata kiasi gani? Pedali ya piano inayoshikilia sauti haipo huku, kwa hiyo unajifunza kubadilisha vidole juu ya kibonye kimoja bila kukiinua, kidole kimoja kikimpokea mwenzake.

Kisha miguu. Kibodi ya miguu huwa na vibonye 30 au 32, na unavipiga kwa ncha na kisigino bila kutazama chini. Kazi kubwa ni mkono wa kushoto, ambao umezoea kuwa besi na sasa unataka kuufuata mguu kila unakokwenda. Dawa tuliyopewa ni sonata (vipande vya kupigwa kwa ala) sita za sauti tatu za Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18: mkono wa kulia sauti yake, wa kushoto yake, miguu yake. Inasimuliwa kwamba alimtungia mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, ili ajifunzie. Nawaonea huruma wana wa Bach, lakini zinafanya kazi.

Somo la rejista, yaani kuchagua safu za mabomba zitakazolia, nalo lilifundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tuliingizwa ndani ya kinanda, katikati ya mabomba ya mbao na ya chuma, ndipo tukafundishwa namba zilizoandikwa kwenye vishikizo vya kufungulia safu hizo. Namba 8 ni urefu wa bomba kubwa kwa futi, na sauti yake iko palepale ilipoandikwa nota. 16 inashuka oktava moja, 4 inapanda oktava moja. Tulionyeshwa pia kwa nini kinanda kinaudhi siku ya joto kali: mabomba ya kawaida hupanda sauti hewa ikipata joto, ya ulimi, yenye kibamba chembamba kinachotetema ndani, hubaki karibu na pale yalipokuwa, na yakilia pamoja yanagombana. Mpiga kinanda anayejua hilo huacha ulimi siku hiyo na kutumia prinsipali, mabomba ya kawaida yaliyo msingi wa sauti ya kinanda, peke yake.

Sasa nije kwenye kipindi ambacho peke yake kinastahili ada yote: kupigia waumini nyimbo. Niliingia nikidhani ni somo la wavivu. Nani asiyeweza kupiga wimbo wa sauti nne? Mwalimu alitutaka tupige huku tukiimba ubeti mzima kwa sauti, na hapo udhaifu wote ukajitokeza. Mpigaji asiyeimba hasikii watu wanapohitaji kuvuta pumzi. Anawasubiri, wao wanamsubiri, na kila ubeti unazidi kuwa mzito mpaka wimbo unakufa. Tulifundishwa kwamba utangulizi ni ahadi ya mwendo: ukiuanza kwa kasi hii, ubeti wa kwanza uje kwa kasi hiyohiyo. Tulifundishwa kuinua mikono mwisho wa mstari pale maneno yanapopumzika, na kutoinua pale sentensi inapoendelea mstari wa pili, hata kama umbo la wimbo linakushawishi. Ukumbi wenye mwangwi mrefu unataka nota zilizoachana zaidi. Chumba kikavu kinataka zishikane. Alfajiri sauti za watu bado ziko chini, basi shusha wimbo toni moja, papo hapo, bila kuandika. Mtihani ulikuwa kupewa sauti ya kwanza tupu na kuijazia alto, tenori na besi ukiwa umeketi kwenye kinanda, kisha kubuni muziki wa kujaza muda ibada inapoendelea kimya na kutua kwenye do ya wimbo unaofuata. Bach aliandika kwenye jalada la Orgelbüchlein ("Kitabu Kidogo cha Kinanda") kuwa ni kitabu cha kumfunza anayeanza namna ya kuendeleza wimbo wa ibada na kuzoea pedali. Kipindi hiki kilinionyesha kwa nini aliyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Upande wa nadharia ya muziki mtakatifu nimeridhika nusu. Kusoma nota za mraba za uimbaji wa Gregori, uimbaji wa kale wa Kanisa Katoliki, kwenye mistari minne kumenisaidia hata kwenye piano, maana unajifunza kufuata neno badala ya kuhesabu mapigo. Hati za kanisa tulizisoma kwa makini. Waraka wa Papa Pius X wa tarehe 22 Novemba 1903 ulikataza piano kanisani, pamoja na ngoma na matoazi. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliendelea kukipa kinanda cha mabomba heshima kubwa huku ukifungulia mlango ala nyingine zinazofaa ibada. Mjadala darasani siku hiyo ulikuwa moto, nami bado naamini mpiga piano anayehudumu ibadani anapaswa kuijua historia hiyo. Lakini mtaala wetu ulikaa mno Ulaya. Muziki wa ibada unaoimbwa sehemu nyingine za dunia ulipewa muda mdogo sana, na huo ndio wengi wetu tuliokwenda kuuongoza.

Kasoro zilizoniuma zaidi ni mbili. Kinanda kizuri kilikuwa ndani ya kanisa la chuo, na kila palipokuwa na harusi, misiba au mazoezi ya kwaya, wanafunzi tulitoka. Vinanda vya umeme vya kujifunzia vinatosha kuzoesha miguu, lakini havikufundishi kusubiri sauti irudi kutoka ukutani. Ya pili, mwalimu wa piano na wa kinanda hawakupanga kazi pamoja. Muhula mmoja nilitakiwa kuandaa onyesho kamili kwa kila mmoja, na mkono wangu wa kulia ukavimba kwenye kifundo. Wote wawili ni walimu hodari na ninawaheshimu. Ratiba ndiyo iliyokosa mtu wa kuiangalia.

Jambo dogo: viatu. Nunua vya soli nyembamba vyenye kisigino, uvitumie kwenye pedali tu, usitembee navyo nje. Mchanga mmoja chini ya soli unaharibu mbao za pedali.

Anayetaka kuwa mpiga piano wa majukwaani peke yake, atafute idara ya piano pekee, huku atagawanyika. Anayetaka kuwaongoza watu waimbe, idara ya namna hii imeandaliwa kwa ajili yake. Ukienda kuitembelea, omba kuingia kipindi kimoja cha nyimbo, uketi nyuma pamoja na wanafunzi na kuimba beti zote. Ukiona pumzi zinakuishia kabla ya mstari kwisha, umejua wanavyofundishwa. Usipoombwa kuimba kabisa, nalo umejua.