Kurudisha sarafu ipimwe gredi upya: njia tano, kuanzia inayofaa zaidi

Mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa gredi ni nini. Kahawa ya mlimani ikifika mnadani imeshagawanywa AA, A, B na PB, na mkulima anajua kila herufi inamwongezea au kumpunguzia shilingi ngapi. Dalali wa tanzanite naye huanza na rangi na usafi wa jiwe, bei inafuata. Sarafu za kukusanya zinakwenda hivyo hivyo, kwa kipimo cha namba 1 hadi 70 kilichotokana na kile alichokibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kampuni mbili kubwa zinazopima ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987. Zinaipima sarafu, zinaifungia ndani ya kasha la plastiki lililozibwa, na kuandika gredi juu yake. Kuanzia 60 kwenda juu huandikwa MS, maana yake sarafu haikutumika sokoni. Kati ya 50 na 58 huandikwa AU: imepita mikononi kidogo tu.

Wanaoniuliza habari hii wengi wana rupia ya Mjerumani yenye AU58, au shilingi za fedha za mwaka 1974 zenye kifaru na twiga, na wanaamini sarafu yao imepunjwa. Wanataka kuirudisha ikapimwe tena. Kwa wengi wao jibu langu ni wasiirudishe, na nitaeleza kwa hesabu.

Tuseme rupia yako katika gredi iliyo nayo inauzwa 600,000, na gredi inayofuata inauzwa 1,100,000. Ikipanda, umeongeza 500,000. Sasa jumlisha ada ya kupima, uanachama wa kampuni au kamisheni ya wakala, usafiri wa kwenda na kurudi, na bima. Tuseme jumla ni 350,000. Hata kama nafasi ya kupanda ni nusu kwa nusu, ambayo kwa sarafu ya kawaida ni matumaini makubwa mno, nafasi hiyo ina thamani ya 250,000. Umetoa 350,000 kununua kitu cha 250,000. Ada yenyewe unalipia sarafu kutazamwa, si kupanda: gredi ikipanda, ikibaki au ikishuka, umeshalipa.

Usafiri ndio unaotuumiza sisi wa kaskazini. NGC iko Florida na PCGS iko California, ingawa NGC ina ofisi Munich na London, na PCGS ina ofisi Paris. Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu kwenye barua isiyo na bima, na kampuni nyingi za vifurushi vya haraka ama hazibebi sarafu kabisa, ama hazilipi fidia ikipotea. Uliza kabla, na jibu ulipate kwa maandishi. Nenda pia forodha kabla sarafu haijaondoka, ueleze kwamba inakwenda kupimwa na itarudi, na karatasi zake uzitunze. Bila hizo, siku inarudi unaweza kuonekana umeagiza mali mpya kutoka nje. Gharama hizi hazizidi sana sarafu zikiwa tano badala ya moja, kwa hiyo wakusanyaji wa Arusha na Moshi wanaofahamiana wangefanya vizuri kuchanga na kutuma pamoja.

Kwanza itazame sarafu yenyewe

Hapa chukua muda wako wote. Tafuta lensi inayokuza mara tano hadi saba, taa moja ya mezani, na chumba ambacho hakina mwanga mwingine. Inamishe sarafu chini ya taa na uizungushe polepole. Kwenye sarafu ambayo haijasuguliwa, mwanga hutembea juu ya uso wake kama unavyotembea juu ya hariri ukiikunja. Kwenye iliyosuguliwa mwanga unakaa mahali pamoja, na lensi itakuonyesha mistari myembamba sana inayokwenda upande mmoja.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mazoea yetu. Rupia ikitoka chini ya sakafu ya nyumba ya zamani, jambo la kwanza mtu anafanya ni kuisugua kwa majivu, ndimu au dawa ya meno ili ing'ae ndipo ampelekee mnunuzi. Inang'aa kweli, na papo hapo imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kampuni ikigundua, haitoi namba: inaandika kwamba sarafu ni halisi lakini imesafishwa. Pengine yako ilisuguliwa kidogo miaka themanini iliyopita, na mpimaji wa kwanza akaona si neno, akaipa AU58. Hiyo ni zawadi. Usiipeleke kwa mpimaji wa pili.

Mimi nilipeleka. Ilikuwa rupia ya 1913 yenye herufi J ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg, AU58, nami niliamini kwa moyo wote kwamba ni MS62. Nikavunja kasha, nikaituma ikiwa tupu. Ilirudi bila namba, imeandikwa imesafishwa. Mzee mmoja wa Moshi aliyenifundisha mambo haya alikuwa ameshanionya: "Mwanangu, hiyo iache humo humo." Nikamjibu, "Mzee, nimeitazama wiki nzima." Akasema, "Umeitazama kwa kuitamani." Tangu siku hiyo, sarafu ninayotaka kuirudisha humpa kwanza mtu mwingine aitazame, gredi nikiwa nimeiziba kwa karatasi, na yeye aniambie namba. Akitaja ileile iliyoandikwa, sitoi hela yangu.

Kwenye rupia, tazama sehemu zilizoinuka: tai aliye juu ya kofia ya chuma ya Kaiser Wilhelm II, nyusi, masharubu. Kama fedha ya hapo imebadilika rangi kuwa ya kijivu kilichofifia, huko ni kulika kwa kutumika, na AU ni haki yake. Mikwaruzo iliyotapakaa ambayo haijagusa mng'ao ni jambo jingine, ni sarafu kugongana ndani ya mfuko wa benki. Hapo kuna hoja ya MS ya chini.

Njia zenyewe

*Ya kwanza: uza uliyo nayo, nunua iliyo juu tayari.* Kwa rupia za miaka ya kawaida, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, na zile za 1974, naiweka njia hii mbele ya zote bila kusita. Katika mfano wetu wa juu, unaongeza 500,000 na gredi unayoitaka unaishika mkononi siku hiyo hiyo. Ukirudisha ya kwako unatoa 350,000 na pengine unarudi na gredi ileile. Unaponunua, chungulia sarafu kabla ya karatasi ya gredi. Sarafu mbili zenye MS63 zinaweza kutofautiana sana kwa sura, na nzuri kati ya hizo mbili ndiyo itakayokurudishia fedha. Kisha ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, kama ipo, kwa kuwa makasha ya bandia yamejaa sokoni.

*Ya pili: omba itazamwe upya ikiwa ndani ya kasha lake.* PCGS wanayo huduma ya namna hiyo. Wapimaji wanaitazama kupitia plastiki, na inatolewa tu kama inastahili kupanda. Isipostahili, inarudi kama ilivyokwenda na hasara yako ni ada na nauli. Soma masharti, maana ikipanda huenda ukadaiwa asilimia fulani ya thamani mpya. Ichague kwa sarafu ambayo macho mawili au matatu tofauti yameshasema imepunjwa, na ambayo pengo la bei kati ya gredi na gredi ni angalau mara tatu ya gharama zote. Hiyo mara tatu ni kipimo changu mwenyewe, na nimeona kinafaa.

Zipo sarafu ambazo gharama hii ina sababu, na kwetu za kwanza ni za Tabora. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wameziba njia ya bahari, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora. Sarafu za heller 20 (heller ilikuwa fedha ndogo ya Mjerumani, na jina lake ndilo lililotuachia neno "hela") za shaba nyekundu na za shaba ya manjano zilipigwa kwa haraka na kwa vyuma vya kupigia vilivyochoka. Nyingi zina taji lililofifia. Asiyezizoea anadhani taji limelika kwa kutumika, kumbe lilitoka limefifia tangu kwenye mashine. Ukiona taji limefifia lakini uwanda (sehemu bapa) unaolizunguka una mng'ao wake wote, una hoja ya kweli mbele ya mpimaji. Nyingine ni dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, iliyopigwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja gramu 7.168. Bei yake ni ya mamilioni, na gredi moja ikipanda inaweza kulipa safari nzima na kubakisha. Hiyo mtume mtu unayemwamini, aibebe mkononi.

*Ya tatu: kuihamishia kampuni nyingine.* Unaandika gredi ya chini kabisa unayoikubali, nao wasipoifikia hawafungui kasha. Ni salama, ila faida yake ndogo, isipokuwa mnunuzi wako anaitaka kampuni fulani.

*Ya nne: usafishaji wa kitaalamu.* Haufanani na majivu. NCS, ndugu wa NGC, huondoa mabaki yaliyoshikamana na chuma bila kuukwaruza uso wake. Kama sarafu yako ilikaa miaka ndani ya mifuko laini ya plastiki na imeota utando wa kijani unaonata, ipeleke, na usichelewe, kwa sababu utando huo unaendelea kuila. Mikwaruzo haiondoki, na wala kulika hakuondoki.

*Ya mwisho: kuvunja kasha na kuituma tupu.* Gredi ya zamani imekwenda na dhamana ya kampuni imekwenda nayo, na wakati wa kulivunja sarafu inaweza kukwaruzwa kwenye ukingo. Ninaikubali kwa hali moja tu: kasha lenyewe limepasuka na sarafu inacheza ndani. Hata hapo ni afadhali kuomba kampuni ibadilishe kasha kwa gredi ileile.

Jambo moja kuhusu wanunuzi. Sarafu hizi za ukoloni wa Kijerumani zina soko kubwa Ujerumani, na huko wakusanyaji wengi bado wananunua sarafu isiyo na kasha na kuipima kwa macho yao. Mmarekani anaweza kukuongezea fedha nyingi kwa namba moja zaidi. Mjerumani atatazama picha na kuuliza mng'ao ukoje. Kama mnunuzi wako yuko upande huo, fedha ya kurudisha itumie kupiga picha nzuri: taa mbili za pembeni, kitambaa cheusi, pande zote mbili na ukingo.

Wala usitishwe na takwimu za kampuni zinazoonyesha sarafu ngapi zimepata gredi fulani. Mtu akivunja kasha na kutuma sarafu ileile mara tatu bila kurudisha karatasi za zamani, inahesabiwa sarafu tatu. Namba hizo zisome kama kiwango cha juu, kisha uziweke pembeni ya kile ulichokiona kwa lensi.