Kisoma-vitabu kisicho na bwana wa pili

Kifaa changu cha kwanza cha kusomea vitabu kimelala kabatini tangu siku kilipokataa kunifungulia kitabu nilichokilipia. Kampuni sitaitaja. Akaunti ilifunguliwa kwa anwani ya ndugu yangu aliye nje, mimi nikawa nalipa kwa kadi ya hapa Dar es Salaam, na siku moja mfumo wao ukaona mambo haya mawili hayapatani. Niliandika barua pepe tatu, nikapata majibu matatu yanayofanana neno kwa neno, kisha kimya. Vitabu kumi na tisa vikaenda hivyo. Kifaa chenyewe kizima, betri nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, ila ndani hamna kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kifaa kinachoendeshwa na programu huria peke yake, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuubadilisha, kuanzia ile inayokiwasha mpaka ile inayogeuza kurasa. (Kiingereza kina neno moja, free, kwa yote mawili; Kiswahili kimetupunguzia kazi hapa: huru ni huru na bure ni bure, hakuna haja ya aya nzima ya kueleza kwamba sizungumzii bei.) Nahariri miswada kwa riziki, na macho yalikuwa yameanza kulalamika mbele ya kompyuta, kwa hiyo lazima kiwe cha wino wa kielektroniki, skrini inayosomeka kama karatasi. Na lazima kiwe na taa yake, kwa sababu umeme wa kwetu Tabata tunaujua wenyewe.

Kisa changu ni kidogo ukikilinganisha na kilichotokea Julai 2009, Amazon ilipoingia kwa mbali kwenye Kindle (visoma-vitabu vyake) za wateja na kufuta vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Kimoja kati ya hivyo viwili ndicho tunachokijua huku kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Nakala yangu ya karatasi imeliwa na mende kona moja, lakini hakuna aliyeweza kuja kuichukua usiku nikiwa nimelala. Tena tangu tarehe 26 Februari 2025, hata ile njia ya kupakua kitabu cha Kindle kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya wa USB imeondolewa.

Nilianza na ndoto, yaani kifaa kiitwacho PineNote. Skrini ya inchi 10.3, chipu ya RK3566, memori GB 4, hifadhi GB 128, na unaweka Linux ya kawaida, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kama kwenye kompyuta yoyote. Ilitangazwa 2021 kwa dola 399, na wanaoiuza walisema wazi kwamba ni ya watu wanaopenda kuhangaika na mitambo. Nami napenda kuhangaika, ila kwa kiasi. Halafu hata humo kuna kiprogramu kidogo kilichofungwa, yaani msimbo wake haukutolewa, kinachoiamsha memori kifaa kinapowaka. Nikaongeza nauli na ushuru kwenye ile 399, nikaacha.

Nikatazama vifaa vya reMarkable, kampuni ya Norway. Hawa wana tabia nzuri ambayo wengine hawana: nywila ya mwenye mamlaka yote juu ya mfumo imeandikwa kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe, ukitaka unaingia kwa kompyuta yako na kufanya utakalo. Wapo hata waliowahi kuweka Parabola kwenye toleo la kwanza, mfumo ambao Free Software Foundation yenyewe, shirika linalotetea programu huria, inautambua kuwa ni huru wote. Lakini toleo la kwanza na la pili hayana taa. Sikuendelea.

Boox, chapa nyingine ya vifaa vya wino wa kielektroniki, nilizipita haraka. Zinatumia Android, na kampuni imelaumiwa kwa miaka kwa kutotoa msimbo wa kiini cha Linux inachokitumia, ilhali leseni inaitaka iutoe. Kindle nayo unaweza kuivunja kufuli na kuweka programu nyingine, ila inategemea toleo la mfumo lililomo: leo watu wamepata upenyo, kesho sasisho linauziba. Sitaki kifaa cha kuvizia.

Ikabaki Kobo, chapa nyingine ya visoma-vitabu. Na kwa Kobo sikutaka mpya, nilitaka Clara HD ya 2018, kwa sababu moja ambayo hutaikuta kwenye tangazo lolote. Ndani yake hifadhi ya GB 8 ni kadi ndogo ya microSD ya kawaida, imechomekwa tu, haikuchomelewa kwenye bodi. Maana yake ukiharibu mfumo unachomoa kadi, unaiandika upya kwenye kompyuta, unairudisha, na kifaa kinafufuka. Skrini ni ya inchi 6 yenye nukta 300 kwa inchi, na taa inaweza kupunguzwa weupe ikawa ya rangi ya kibatari. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Ujerumani, nikamwomba anitafutie iliyotumika. Ilinigharimu euro 45 na kilo mbili za dagaa wa Kigoma.

Kukifungua nilikwenda Kariakoo kwa fundi wangu wa simu. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia. "Dada, vioo vya hivi ni kaki. Nikibana vibaya huna kifaa, na mimi sina pa kukupatia kingine." Nilimheshimu kwa ukweli huo. Nikarudi nyumbani nikakifungua mwenyewe kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, taratibu, ukingo kwa ukingo, na mfuniko wa nyuma ukatoka bila vita. Nilichomoa kadi, nikanakili yote kama ilivyo kwenye kompyuta, kisha nikaweka nakala ya pili kwenye diski ya nje. Usiruke hatua hii. Kila nilichofanya baadaye nilikifanya kwa jeuri kwa sababu ya nakala hizo.

Kobo ikiwa mpya, au ikifutwa, inadai uunganishe Wi-Fi na ujisajili kabla hujasoma hata ukurasa mmoja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kumbe mlango wa nyuma uko wazi. Unasema huna Wi-Fi, unachomeka waya wa USB, na kwenye folda iliyofichwa inayoitwa .kobo unakuta faili la hifadhidata, KoboReader.sqlite. Ukiongeza mstari mmoja kwenye jedwali la watumiaji, mtumiaji wa uongo asiye na barua pepe, kifaa kinaamini umekwisha kusajiliwa. Mimi nilijipa namba 1. Tangu siku hiyo hakijawahi kugusa intaneti.

Kuweka programu nyingine ni kwepesi kuliko hilo. Kobo ina desturi yake: ikikuta faili liitwalo KoboRoot.tgz ndani ya folda ile ile, ukichomoa waya inalifungua, inakiweka kilichomo, kisha inajiwasha upya. Hakuna kufuli la kuvunja. Kwa njia hiyo nikaweka NickelMenu, ambayo inaongeza kitufe kwenye menyu, na kitufe hicho kinafungua KOReader, programu ya kusomea.

KOReader ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya. Ni programu huria chini ya leseni ya AGPL, inayotaka msimbo ubaki wazi, imeandikwa kwa lugha ya Lua, na inafungua EPUB (faili la kawaida la vitabu vya kidijitali), PDF, DjVu na aina nyingine ambazo sijawahi kuzihitaji. Kwa msomaji wa Kiswahili thamani yake iko kwenye PDF. Tukubali: maandishi yetu mengi yanayopatikana kidijitali ni PDF, na nyingi ni skani za kurasa zilizopigwa kwa mkono unaotetemeka. Kwenye skrini ya inchi 6 ukurasa wa A4 unakuwa kama karatasi ya maelekezo ya dawa. KOReader inakata kingo tupu zenyewe, na ukitaka inaupanga ukurasa upya, inachukua maneno yaliyo kwenye picha na kuyamwaga upya kwa upana wa skrini yako. Si kila mara inafaulu. Majedwali inayachafua kabisa. Lakini mswada wa safu mbili ambao kompyuta ilinitoa machozi niliumaliza kitandani kwa siku mbili.

Kuna jambo la ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu inafuata lugha iliyoandikwa kwenye kitabu, na watengenezaji wa EPUB za Kiswahili wana mazoea ya kuacha ibaki Kiingereza. Matokeo yake nimesoma "ng" ikiwa mstari mmoja na "'ombe" mstari wa pili. Mtu mzima unasikia maumivu. Dawa ni kuingia kwenye mpangilio wa uchapaji na kuzima ukataji wote, nami niliuzima.

Kamusi nazo zimo. Mradi wa FreeDict una kamusi huria ya Kiswahili na Kiingereza, unaiweka kwenye folda yake na ukibonyeza neno kwa muda maana inatokea. Inatokea kama neno ni "kitabu". Ukibonyeza "walivyotuandalia" unapata kimya, kwa kuwa kamusi inajua "andaa" tu na programu haijui kuvua viambishi. Inabidi umenye neno mwenyewe na kuandika mzizi. Sijaacha kuitumia, ila ni kazi ya mikono.

Sasa, je, ni huru kabisa? Hapana, na nisingependa mtu anunue akidhani hivyo. Chini ya KOReader bado imo programu ya Kobo yenyewe, inayoitwa Nickel, na hiyo imefungwa. Ndiyo inayoamka kwanza, mimi napita juu yake. Kipande cha Wi-Fi kinaendeshwa na programu yake isiyo huru, hilo nimelimaliza kwa kutoiwasha Wi-Fi: vitabu vinaingia kwa waya, kutoka kwenye calibre, programu huria ya kupanga vitabu kwenye kompyuta. Halafu kuna kitu ambacho sikukijua kabla ya kuanza safari hii. Wino wa kielektroniki ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme, na ili chembe zitoke kijivu hiki kwenda kijivu kile panahitajika jedwali linalosema umeme kiasi gani, mara ngapi, na kwa joto lipi la hewa. Jedwali hilo hutoka kwa watengenezaji wa skrini, na haliji na msimbo wala maelezo. Kila kifaa cha aina hii nilichokitaja kinategemea jedwali la namna hiyo. Mimi nimelisamehe. Nalichukulia kama vipimo anavyoviandika fundi cherehani, vya mwili mmoja, si maagizo ya nani avae nini. Wapo wenye msimamo mkali kuliko wangu ambao hawalisamehi, na sina hoja ya kuwashinda.

Nickel nilijaribu kuiondoa. Clara HD ina bahati, kuna mifumo kadhaa ya kujitolea inayoikubali, kama postmarketOS na Quill OS iliyokuwa ikiitwa InkBox. Nilinunua kadi ya pili, nikaweka mmoja wa mifumo ya namna hii (sitasema upi, walioutengeneza hawalipwi), nikachomeka. Raha ya kukiona kifaa kikiwaka bila nembo ya duka lolote nilishindwa kumweleza mume wangu. Wiki tatu baadaye nilirudisha kadi ya kwanza. Betri iliyokuwa ikikaa wiki mbili ilikuwa inakwisha siku ya pili, kwa kuwa kifaa hakikujua kusinzia vizuri kati ya ukurasa na ukurasa. Kadi ile ninayo bado, ipo kwenye bahasha ndani ya kava la kifaa, na kila baada ya miezi kadhaa ninaijaribu tena.

Nikipewa nafasi ya kutoa alama, nakipa saba kati ya kumi. Pointi moja imeondoka kwa sababu ya Nickel, moja kwa tundu la chaji la zamani ambalo waya wake sasa hata Mpemba wa duka la mtaani ameacha kuuleta, na moja kwa menyu za KOReader, ambazo ni msitu. Mwezi wa kwanza kila jioni nilikuwa nagundua kitufe kipya na kupoteza nilichokigundua jana yake. Anayetaka kununua riwaya dukani kwa kugusa mara moja asinisikilize, atajuta. Na anayetaka kutumia matoleo mapya asilipe kabla hajajua mambo mawili: kama hifadhi imechomelewa, na kama uwashaji umefungwa kwa sahihi ya kidijitali ya kampuni. KOReader inaweza kukubali kwenye kifaa cha namna hiyo, lakini kubadilisha mfumo mzima usahau.

Juzi nimemwona mtu anauza Clara HD nyingine kwenye kundi la mtaa, namtafutia binti wa dada yangu. Nilimwandikia: "Kaka, naomba picha ya nyuma kikiwa kimefunguliwa, nione kadi." Alikaa siku nzima hajajibu. Kisha akaandika, "Dada, unanunua au unachunguza?" Nimemjibu vyote, nasubiri picha.