Konfoko au laitishiti, hadubini ipi kwa seli hai?

Chukua protini ya CFTR, mlango wa chumvi kwenye utando wa seli; ile ikiwa na mutesheni (hitilafu ya jeni) iitwayo F508del inakwama ndani haifiki kwenye utando, ndo mtu anaugua sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu na utumbo. Unaivalisha GFP, protini nyingine inayong'aa, ing'ae kijani, alafu unaiangalia kwa hadubini ipi?

Konfoko inapiga leza nukta kwa nukta, na katundu kadogo kanazuia mwanga unaotoka juu na chini ya tabaka unaloliangalia usichafue picha, kwa hiyo picha inatoka safi kweli. Shida ni kwamba leza inapenya seli nzima hata pale usipopiga picha, we rudia kila baada ya sekunde chache uone kijani kinavyofifia na seli zenyewe zinaanza kujikunyata.

Laitishiti inaingiza mwanga ubavuni, mwembamba kama shuka, tabaka moja tu linamulikwa na kamera inalinasa lote kwa mpigo. Seli zinavumilia masaa. Ila kutega sampuli ni kazi, na mafaili aisee, diski inajaa kabla ya chai ya saa nne.

Seli bapa kwenye kioo mi nabaki na konfoko. Oganoidi ya utumbo, yaani kijiutumbo kidogo kilichooteshwa maabara, kinachovimba ukikiwekea dawa? Laitishiti, wala sijiulizi.